Wauguzi, tujifunzie wodini

Wauguzi wenzangu, tukisikia neno kujiendeleza wengi wetu tunawaza semina, cheti na kuhuisha leseni. Vyote vina kazi yake. Lakini kwa miaka niliyokaa wodini, mafunzo niliyoyaona yakimfikia mgonjwa ni yale mafupi yanayorudiwarudiwa, tena palepale kazini.

Chukua ukandamizaji wa kifua moyo unaposimama. Kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika; kila mtu anakariri. Ila ustadi wa mikono huanza kufifia miezi michache tu baada ya kozi. Wodi ikipata mwanasesere wa mazoezi, watu wakamkandamiza dakika chache kabla ya zamu, inasaidia kuliko kozi moja kubwa inayosubiriwa miaka.

Kigumu zaidi ni kujifunza kuacha. Tulifundishwa kusugua ngozi iliyoanza kuwa nyekundu juu ya mifupa, tukiamini tunazuia vidonda vya kulalia. Miongozo ya sasa inakataza, kwa kuwa kusugua kunaumiza zaidi tishu ambazo tayari zimekosa damu. Cha kufanya ni kumgeuza mgonjwa, pale pasilaliwe. Na ule mtindo wa kusukuma hewa kwenye mpira wa kulishia kisha kusikiliza tumbo? Mlio unaweza kusikika hata mpira ukiwa umeingia kwenye njia ya hewa. Vuta majimaji, pima asidi yake. Kipimo cha pH kikizidi 5.5, yaani asidi ni kidogo, usilishe mpaka eksirei ithibitishe. Haya uzoefu peke yake haukufundishi. Unaweza kukosea vilevile kwa miaka 20, tena kwa kujiamini.

Mwaka 2014 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za nchi 9 za Ulaya. Kila wauguzi wenye shahada walipozidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 7. Na kila muuguzi alipobebeshwa mgonjwa mmoja zaidi, uwezekano huo ulipanda kwa asilimia 7. Wakuu wa wodi, yasomeni yote mawili pamoja: muuguzi aliyeelemewa hana nafasi ya kutumia alichojifunza. Muda wa kujifunza uwekwe ndani ya ratiba ya zamu, usiibwe kwenye mapumziko yake.

Kama hujui uanzie wapi, anza na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Ndicho kipimo tunachokikadiria kwa macho kuliko vyote, na mara nyingi ndicho kinachobadilika mapema mgonjwa anapozidiwa.