Moodle kuganda saa mbili kamili jaribio likifunguliwa: anza na pm.max_children

Mkuu, umesema seva yenu ya Moodle (mfumo wa kozi na majaribio mtandaoni) ni Ubuntu yenye RAM ya GB 16, Apache na PHP-FPM (inayoendesha msimbo wa Moodle), wanafunzi 600 wanaingia saa mbili kamili na kurasa zinaganda ilhali CPU haijafika hata nusu. Kabla hujaandika dokezo la kuomba seva mpya, fungua logi ya PHP-FPM. Ukiona inalalamikia pm.max_children, yaani kikomo cha prosesi za PHP zinazohudumia watu kwa pamoja, umempata mchawi. Ubuntu inakuja na 5: wahudumu watano, watu 600, foleni ya Kigongo enzi za kivuko.

Usipandishe kwa kubahatisha. Jaribio likiendelea, piga `ps -ylC php-fpm8.1 --sort:rss` (weka toleo lako) uone kila prosesi inakula kiasi gani. Tuseme MB 80. MariaDB, yaani hifadhidata, ipe innodb_buffer_pool_size (RAM ya kushikilia data yake) ya GB 5, maana ile MB 128 ya kuanzia ni mzaha. Mfumo wenyewe na Redis (hifadhi ya data inayokaa kwenye RAM) waachie GB 3. Zinabaki GB 8, yaani prosesi kama 100, weka 90. Ukiweka 300, RAM itajaa, seva itaanza kutumia diski badala ya RAM, na hapo hata SSH hutaingia. Kila prosesi hufungua muunganisho wake wa hifadhidata, kwa hiyo max_connections iwe juu ya 90. 151 ya kawaida inatosha.

Sesheni (kumbukumbu za walioingia) zihamishie Redis kupitia config.php ya Moodle. Kroni, yaani kazi za ratiba za Moodle, ipite kila dakika, bakapu za kozi ziende saa nane usiku.

Kinachosahaulika ni mafaili. Mwanafunzi aliyeko Ukerewe, mtandao wa kusuasua, akipakua PDF ya MB 40, anamshikilia mhudumu mmoja hadi faili liishe. Washa mod_xsendfile, moduli ya Apache, kisha weka `$CFG->xsendfile = 'X-Sendfile';` ili Apache ilibebe yenyewe. Video usiweke humo kabisa.

Jaribio lenyewe weka maswali matano kwa ukurasa. Swali moja moja huzidisha maombi bure. Wagawe kwa makundi ya 150, kila kundi lifunguliwe dakika tano baada ya jingine. Walimu watalalamika kuhusu kuibiana majibu. Changanya mpangilio wa maswali. Kujihifadhi kwa majibu kila sekunde 60 usikuguse, hata kama kunaongeza mzigo: umeme ukikatika Nyegezi, ndiko kutakakookoa majibu yao.

Ukishabadilisha, `systemctl restart php8.1-fpm`, na usifanye hivyo watu wakiwa ndani ya jaribio.