Winchi ya kuvutia mawe usimfungie mtu

Goma inajengwa kwenda juu. Himbi, Katindo, Keshero, kila unapopita kuna jengo la ghorofa, na juu yake kuna winchi, kimashine cha umeme cha kuvutia mzigo kwa kebo, kilichofungwa kwenye bomba. Kinapandisha mawe, ndoo za zege na, saa zingine, msaidizi wa fundi aliyesimama juu ya mzigo akishika kebo kwa mkono mmoja. Mimi kazi yangu ni hiyo ya kupandisha na kushusha, kwenye majengo na kwenye mashimo ya vyoo, na wanaonipigia simu kuomba ushauri nawaanzishia hapo hapo: kimashine hicho ni cha mawe, kiachieni mawe yake.

Soma kibati chake. Nyingi zimeandikwa kilo 250 kwa kebo moja na kilo 500 ukipitisha kapi, na pembeni kuna onyo kwamba haipandishi watu. Vijana hunijibu, "Papa, inavuta kilo mia tano, mtu wa kilo sabini itamshindwa vipi?" Haimshindwi, na hatari iko hapo hapo. Mguu ukinasa chini ya ubao wa jukwaa, mota haijui. Itavuta tu mpaka kitu kikatike, na hakitakuwa kebo. Anayezungusha mpini kwa mkono anausikia uzito ukibadilika, anasimama. Tena kuna umeme wetu huu. Ukikatika mtu akiwa katikati, breki itamshika, lakini mashine nyingi za bei ndogo hazina njia ya kumshusha bila umeme. Kule Majengo nilikuta kijana ananing'inia hivyo, wenzake wakihangaika kuunganisha ngazi mbili kwa waya, jambo ambalo nalo ni balaa la pili.

Winchi ya mtu ni ya mkono, yenye breki inayojifunga yenyewe. Ukiachia mpini, mzigo ubaki pale pale. Usiteremke polepole, wala mpini usirudi nyuma ukavunja mkono wa aliyeushika. Zinazouzwa kwa uokoaji hufuata kiwango cha Ulaya EN 1496. Daraja A inapandisha tu. Daraja B inapandisha na inaweza pia kushusha, mwisho mita 2. Kama una uwezo wa kuchagua, chukua B. Mita hizo mbili zina kazi: mtu akinasa kwenye jiwe ukiwa unamvuta, huna budi kumrudisha chini kidogo ndipo achomoke.

Hata ukiwa nayo, winchi si ya kuzuia anguko. Ile inambeba, kitakachomdaka ni kamba ya pili, yenye kizuizi chake, iliyofungwa mahali pengine kabisa. Naona watu wananunua winchi nzuri halafu wanafunga kamba zote mbili kwenye bomba moja. Bomba likitoka, vyote vinatoka. Mkanda uwe wa mwili mzima. Ule wa kiunoni peke yake mtupie mbali.

Kuhusu mahali pa kufungia, kuna hesabu ambayo mafundi wengi hawaipigi. Winchi ikiwa chini na kebo ikapita kwenye kapi juu kisha ikashuka kwa mtu, kapi halibebi uzito wa mtu peke yake. Linabeba mtu upande huu na nguvu ya winchi upande ule. Mtu wa kilo 80 pamoja na vifaa vyake, boriti ya juu inasikia kama kilo 160, na ukimvuta kwa kushtuka inasikia zaidi. Kwa hiyo boriti iliyobeba ndoo ya zege jana haijathibitisha kitu leo.

Kabla mtu hajafungwa, najaribu kwa saruji. Mifuko miwili ya kilo 50, naipandisha mita moja kutoka chini, naachia mpini, nasimama pembeni nikiangalia. Kebo imesogea? Miguu ya stendi, ile ya miguu mitatu inayoshikilia winchi, imetambaa? Hapa Goma swali hilo la pili ni kubwa, maana tunasimama juu ya lava. Jiwe zima la volkano linashika vizuri, lakini changarawe nyeusi iliyo juu yake inateleza kama mahindi makavu. Ikwangue mpaka jiwe lionekane, chimbia kila mguu kitundu, na miguu yote mitatu iunganishwe kwa mnyororo isipanuke.

Sasa mashimo, maana huko ndiko watu wetu wanakufa. Hewa ya mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara 1.5 hivi, kwa hiyo inajaa bondeni na shimoni, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Haina rangi. Watu wa Bulengo na wa upande wa Lac Vert wanaijua tangu utotoni, ila mchimbaji anayetoka mtaa mwingine anaweza kuzoea shimo lake wiki nzima, asubuhi moja akashuka asirudi. Mshumaa wa wazee, ule wa kushusha shimoni kujaribu hewa, unasaidia kidogo tu: kaboni dioksidi inaweza kumlegeza mtu huku mshumaa bado unawaka. Kipimo cha hewa ndicho cha kuamini, na kipuliza hewa kiwashwe kabla ya kushuka na kiendelee muda wote. Motopompa ya petroli usiishushe shimoni hata kwa dakika moja, moshi wake unaua bila msaada wa volkano.

Anayeshuka ashuke tayari amefungwa kwenye winchi, hata kama shimo lina ngazi nzuri. Hili silijadili na mtu. Mwenzako akianguka chini na hana kamba, mtu lazima ashuke kumfunga, na hewa iliyomwangusha yeye bado iko pale inamsubiri wa pili. Akiwa amefungwa, unazungusha mpini ukiwa juu, kwenye hewa safi. Kama hakufungwa, mtu asishuke bila chupa ya hewa mgongoni, hata mama yake alie namna gani. Puliza hewa na tafuta wenye vifaa.

Aliyebaki akining'inia kwenye mkanda bila kujisogeza naye ana muda mfupi. Damu inabaki miguuni, anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo swali la nani anamtoa na kwa kifaa gani lijibiwe asubuhi, kabla ya kupanda.

Mwenye mpini asiwe na simu mkononi. Anasikiliza mtu mmoja tu, ila neno "simama" analitii hata likitoka kwa mtoto aliyekuja kuuza maji.

Kebo ipitishie kitambaa kinene kila asubuhi. Nyuzi zilizokatika zitanasa kitambaa, na pale ndipo pa kuangalia. Ikiwa imevimba kama kikapu, imepinda kona au imeliwa na kutu, imekwisha. Usiipige fundo. Klipu za kufungia kitanzi cha mwisho wa kebo ziwe tatu au zaidi, kibano kikae upande wa kebo inayobeba, chuma cha U kikae juu ya mkia, ile ncha fupi iliyokunjwa, na uzikaze tena baada ya mzigo wa kwanza. Kwenye ngoma ya winchi ziache angalau duru tatu hata kebo ikiwa imeshuka mpaka mwisho.

Na ukiitoa kebo mbovu, ikate kwa grainda vipande vya nusu mita. Ukiitupa nzima nje ya ukuta, kesho imefungwa kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, inaelekea sokoni Birere, na keshokutwa iko juu ya jengo la mtu mwingine.