Jibu: Eti dijei wa house (muziki wa dansi wa kielektroniki) anabonyeza kitufe tu, tena ni "muziki wa kizungu"?

Mkuu, hao wanaokwambia hapo Raskazone, Tanga, kwamba dijei anabonyeza tu, wape nyimbo mbili waziunganishe. Tuseme wimbo wa kwanza una mapigo 124 kwa dakika, wa pili 128: punguza kasi ya wa pili kama asilimia 3, uanzishe pamoja na fungu jipya la mapigo 32 la wa kwanza, besi yake (sauti nzito za chini) ikiwa imefungwa. Fungu likiisha, badilishana besi: funga ya wa kwanza, fungua ya wa pili. Ukiziacha besi zote wazi, spika zinanguruma na pigo linapotea.

Na hilo la "muziki wa kizungu"? House ilianzishwa na vijana weusi wa Chicago miaka ya 1980. Singeli yetu nayo ni ya kielektroniki, ila inavuka mapigo 200 kwa dakika. Usiipachike juu ya house, utachekwa Tanga nzima.