Karatasi ya mishipa irudishe kwenye bahasha

Irudishe, mwanangu, leo hii. Babako anapasuliwa utumbo mpana Mombasa wiki ijayo kwa saratani, ripoti ya picha ya CT imesema mishipa yake ya damu ina chokaa, na shemeji yako anakwambia ukurasa huo ubaki Lamu, daktari asije akaahirisha? Mimi niliuacha Lamu. Mpaka leo natembea na mfuko wa choo tumboni, na bei ya mifuko hiyo naijua kuliko bei ya nguru sokoni.

Uvimbe wangu ulikuwa chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa. Ripoti ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza uvimbe, na ini safi, alhamdulillahi. Ya pili, huko mwishoni, chokaa kwenye mshipa mkuu wa tumbo na matawi yake yanayoshukia nyongani. Kuna bwana mmoja hapa barazani, aliwahi kuuza dukani kwa dawa, basi tangu hapo tunamwita daktari naye hakatai. Akaisoma, akacheka. "Hii ya uzee, kila mtu anayo. Wakiiona watakurudisha nyumbani saratani isambae. Acha maziwa, kunywa ndimu." Nami mtu wa Lamu, nyumba ya mawe na chokaa nimezaliwa ndani yake, nikaona chokaa ina ubaya gani?

Maziwa nikaacha. Sigara sikuacha. Na maziwa hayakuhusika hata kidogo: chokaa ile huletwa na umri, sigara, sukari, presha, figo mbovu.

Kumbe mambo ni hivi. Daktari akishakata kipande kibovu, huziunganisha ncha mbili zilizobaki. Mshono ule hupona kwa damu, na damu hupita kwenye mishipa hiyo hiyo. Ikiwa imekakamaa na kuwa myembamba, ncha zinaweza kukosa damu ya kutosha, mshono ukaachia. Mishono ya chini kama wangu huachia zaidi kuliko ya juu. Daktari akijua mapema ana la kufanya: atapima damu inavyofika kwenye ncha, ataweka mfuko wa muda choo kisipite kwenye mshono, au ataamua asiunganishe kabisa. Wangu aliniuliza kama navuta. Nikamjibu niliacha zamani. Zamani yenyewe ilikuwa asubuhi ile, jetini Mokowe! Akanitajia mfuko wa muda, nikakataa, naye kwa karatasi moja aliyokuwa nayo hakuona sababu ya kunibana.

Siku ya sita nilikuwa nyumbani kwa mpwa wangu Mombasa. Homa, moyo mbio, kwikwi isiyokatika, tumbo limejaa kama ngoma. Nikampigia nani? Bwana yule yule! "Gesi hiyo, meza diklofenaki," ile dawa ya maumivu. Nikameza siku mbili, na dawa za jamii hiyo zenyewe zinashukiwa kudhuru mishono ya utumbo. Mshono ulikuwa umeachia, uchafu unamwagika tumboni. Nikafunguliwa tena usiku, nikaoshwa, mshono ukavunjwa, nikaamkia chumba cha mahututi na mfuko huu. Yeye bado yuko barazani, anatibu watu kwa kahawa ya kwangu. Simsalimii, ila kahawa nalipa, sijui kwa nini.

Sisemi babako mshono wake utaachia. Wengi wana chokaa na wanapona vizuri. Nasema anayepima hilo ni mpasuaji, si shemeji. Na akiahirisha wiki chache ili mzee aache sigara, mwache aahirishe. Wiki nne bila sigara zinasaidia kidonda kupona, na mpasuaji ndiye anayejua saratani inaweza kusubiri kiasi gani.

Kwa hiyo karatasi zote mbili, na sidii ya picha, umpe mkononi, usimpe karani. Mwambie, "Daktari, hapa pa mishipa, mshono wa baba utapata damu?" Ungoje akujibu. Sigara useme wewe kama mzee anaona haya.

Uliuliza na mambo ya SHA, bima ya afya, na pa kulala, na uji gani... nitarudi baada ya isha. Mzee anavuta ngapi kwa siku?