Mpango kabambe wa wiki tatu

SWALI: Mimi ni diwani mkoani Pwani. Kuna mtaalamu aliyejitolea kutuchorea mpango kabambe, yaani ramani kuu ya matumizi ya ardhi, kwa wiki tatu, kwa picha za droni. Mto wetu unaendelea hadi halmashauri ya jirani. Je, tuupeleke mchoro wake kwenye baraza?

JIBU: Mheshimiwa, msiupeleke. Droni huona mabati na miti. Haioni ni nani mwenye shamba ambalo huyo bwana amelipaka rangi ya kijani.

Naletewa michoro ya namna hii mara kwa mara, na kinachoniumiza ni dhana ileile: kwamba uamuzi hutangulia, kisha anaitwa mtu wa kuupamba kwa rangi. Mchoro wa bonde au wa mkoa huanza mapema, ungali na makosa, ili wenye mamlaka mbalimbali waubishanie juu ya meza moja. Ubishi huo ndio kazi yenyewe.

Tazama mto Msimbazi wa Dar es Salaam. Unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, humo humo mkoani kwenu, na kuingia baharini pale Daraja la Salenda. Mpango kabambe wa Dar es Salaam wa 1979 ulishalitaja bonde lile kuwa eneo la hatari. Ramani ilikuwepo, na watu wakajenga. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua, na baadhi ya walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mwaka 2018 ndipo wahandisi, maofisa wa manispaa na wakazi walipokaa kwa miezi kadhaa wakilichora bonde zima kwa pamoja, kuanzia juu hadi mdomoni. Mchanga unaojaa Jangwani, sehemu ya chini ya bonde hilo, unatoka juu, kwenye miteremko iliyovuliwa miti na kingo zinazomeguka. Kuzibua mto Jangwani bila kugusa huko juu ni kutwanga maji kwenye kinu, na manispaa ya chini haina amri juu ya wilaya ya juu.

Halmashauri nyingi sasa zinanunua ramani za haraka, halafu zinashangaa wananchi wanapong'oa bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wamiliki wa ardhi na taasisi waitwe mkutanoni. Wiki tatu hazitoshi hata kuwapata wenye mashamba.

Mwulize namba yake ya usajili katika Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji. Kisha mwulize alikutana lini na maofisa wa halmashauri ya jirani. Akikosa jibu mojawapo, mrudishieni mchoro wake, hata kama ni wa bure.