Kungoja gemu ije Steam: uliza kwanza nani ameishika

Ndugu, umesema umejikusanyia kompyuta kipande kwa kipande kwa miaka miwili, unaitaka Alan Wake 2, Steam (duka la mtandaoni la gemu za kompyuta) huioni, na rafiki yako amekushauri utulie kwa sababu "zote hurudi tu". Ukauliza pia kama kuna ubaya wowote kufungua akaunti kwenye duka la pili. Mimi nina chumba cha gemu Umoja, Nairobi, tangu 2013, mashine sita na PS mbili, na swali hili nimelisikia kwa kila sura. Kwa ufupi, rafiki yako yuko sahihi kuhusu gemu nyingi, ila si hiyo. Ukitaka kujua kwa nini, mimina chai.

Nianze na mjomba wangu wa Buruburu, mtu wa Arsenal kufa kupona. Mwaka 2007 iliingia kampuni mpya ya televisheni ya kulipia ikiwa imebeba mechi za ligi ya Uingereza. Mjomba tayari alikuwa na king'amuzi kilichomtosha kwa kila kitu, lakini Arsenal wake walikuwa wamehama. Akanunua cha pili, paa moja dishi mbili. Januari 2009 ile kampuni ikaanguka, skrini ikawa nyeusi, mpira ukarudi kwa wale wa mwanzo. Dishi la pili shangazi aliliteremsha akawa anaanikia omena.

Vita vya maduka ya gemu ni lile dishi. Hakuna anayependa duka kwa sababu ni duka. Watu hufuata kilichomo ndani. Ndiyo maana wenye gemu wanajua kwamba kuzuia gemu moja kubwa kunavuta watu kuliko matangazo ya mwaka mzima. Na kabla hujawalaani Epic, wenye duka la pili linaloshindana na Steam, kumbuka aliyeanza mchezo huu ni Valve mwenyewe, mwenye Steam. Steam ilipotoka 2003 watu waliiona kero tu. Novemba 2004 ikaja Half-Life 2, na hata kama umenunua diski dukani, bila Steam hukucheza. Watu walitukana, kisha wakaisakinisha. Mpaka leo Counter-Strike na Dota 2 huzipati kwenye duka la mshindani yeyote, na sijasikia mtu akilia.

Mwaka 2011 wachapishaji wa gemu EA nao wakafungua duka lao, Origin. Juni mwaka huohuo Crysis 2 ikatoweka Steam, Oktoba ikatoka Battlefield 3 bila kupita Steam kabisa, na Machi 2012 Mass Effect 3 ikafuata njia hiyohiyo. EA walilalamikia masharti ya Steam kuhusu jinsi nyongeza zinavyouzwa ndani ya gemu. Huenda, lakini mimi huwa natazama hesabu. Steam kwa kawaida inakata asilimia 30. Gemu ya dola 60, wao wanabaki na 18. Ukiuza nakala milioni kadhaa, hizo dola 18 zinatosha kulipa wahandisi wa kukujengea duka lako, na chenji ibaki.

Chumba changu kilipofunguliwa, Battlefield 3 ndiyo ilikuwa inaniletea watu Jumamosi. Kwa hiyo nikawa na programu za maduka matatu kwenye kila mashine, kila moja na nywila yake na tabia zake. Kuna siku nilikuwa nimepanga mashindano madogo, vijana wamelipa, na programu ya duka moja (silitaji) ikakataa kufungua mpaka ijisasishe. Enzi hizo nilikuwa natumia modemu na data ya kununua. Kwa muda wa saa tatu na nusu mashine sita zikawa zinanyonya data ileile, vijana wamekaa kwenye benchi wakinitazama kama kondakta aliyekosa chenji. Nilirudisha pesa zote. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia ushindani wa maduka ni mzuri kwa mteja, namuuliza mteja yupi.

Sasa tufike kwa Epic, maana hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Duka lao lilifunguliwa Desemba 2018 likikata asilimia 12 tu. Siku chache kabla ya hapo Valve walikuwa wameharakisha kupunguza: mauzo yanayozidi dola milioni 10 yakatwe 25, yanayozidi milioni 50 yakatwe 20. Soma vizuri hapo. Punguzo lilikwenda kwa wakubwa wenye uwezo wa kuondoka. Studio ndogo ya watu wanne iliendelea na 30 yake.

Lakini makato madogo humfurahisha muuzaji, mimi mnunuzi yananihusu nini? Epic walilijua hilo, kwa hiyo wakaanza kulipia gemu zikae kwao peke yao. Metro Exodus ilikuwa inaagizwa Steam kwa miezi, halafu Januari 2019, wiki chache kabla haijatoka, ikahamishwa. Valve wakabandika tangazo kwenye ukurasa wa gemu wakisema huo si uungwana kwa wateja wao. Wachezaji wakavamia gemu za zamani za Metro kwa maoni mabaya. Jambo ambalo wengi hawalitaji ni kwamba bei ya Marekani Epic ilishuka kutoka dola 60 hadi 50. Ni mojawapo ya mara chache nilizoona makato madogo yakimfikia mnunuzi. Kwa gemu nyingine nyingi bei ilibaki palepale na tofauti ikaingia mfuko mwingine.

Pesa zilizotembea si za mchezo. Kampuni mama ya wachapishaji wa gemu ya Control iliandika kwenye hesabu zake kwamba ilipokea zaidi ya yuro milioni 9 kwa ajili ya haki hiyo ya Epic. Jiweke kwenye viatu vyao: gemu haijatoka, hujui kama itauza, na mtu anakuletea milioni 9 mkononi. Ungekataa? Mimi ningeuliza tu zinaingia lini. Mkuu wa Epic, Tim Sweeney, alitamka hadharani Aprili 2019 kwamba Steam wakiwapa watengenezaji wote asilimia 88 bila masharti makubwa, ataacha kufungia gemu kwenye duka lake. Valve hawakuitikia. Na wakati Epic wanamwaga mamilioni hayo, duka lao halikuwa hata na kikapu cha kununulia gemu mbili kwa pamoja. Kilikuja Desemba 2021. Miaka mitatu, supamaketi bila kikapu.

Kilichowaleta vijana wa mtaani kwangu kwa Epic hakikuwa Metro wala Control. Ilikuwa ni GTA V ya bure, Mei 2020, tuko kwenye kafyu, duka zima likazimika kwa wingi wa watu. Kila mtu akafungua akaunti. Zaidi ya GB 90 za kushusha, wenye faiba wakawashushia wasio nayo, diski za nje zikazunguka mtaa mzima kama sahani za harusi. Akaunti wakazibakisha, lakini walipotaka kununua, wengi walirudi Steam, kwa sababu ndiko marafiki waliko na ndiko gemu zao za zamani ziliko.

Na hilo ndilo linalorudisha wachapishaji. EA walirudi Novemba 2019 na Star Wars Jedi: Fallen Order, baada ya miaka minane. Duka la Bethesda, lililopewa Fallout 76 mwaka 2018 iwe chambo, lilifungwa Mei 2022, na wateja wakaruhusiwa kuhamisha gemu zao kwenda Steam. Ubisoft walizuia Assassin's Creed Valhalla Steam kwa miaka miwili, Novemba 2020 hadi Desemba 2022. Assassin's Creed Shadows, Machi 2025, iliwekwa Steam siku ya kwanza. Usidhani wamekuwa wema, kwa sababu ukiinunua Steam bado programu yao inafunguka nyuma yake na kudai akaunti. Umelipa mlango mmoja, unapita miwili.

Kwa hiyo ukiona gemu haipo, swali la muhimu ni nani ameishika. Kama ni mchapishaji mwenye duka lake, ngoja, siku moja atahitaji umati. Kama ni mkataba wa kulipwa, kwa kawaida muda wake ni mfupi: Borderlands 3 ilikaa Epic miezi sita tu, Metro mwaka mmoja. Lakini kama mwenye duka ndiye aliyetoa pesa za kuitengeneza gemu yenyewe, huyo hangojwi. Alan Wake 2 ni ya aina hiyo. Epic ndio wachapishaji wake. Kuingojea Steam ni sawa na kungojea Half-Life: Alyx, gemu ya Valve wenyewe, kwa Epic. Alan Wake 2 imetoka Oktoba 2023, hesabu mwenyewe umeshangoja kiasi gani.

Kuna kufuli jingine ambalo wenzetu wengi wa Ulaya na Marekani hawalijui, na sisi ndilo linatubana zaidi. Gemu inaweza kuwa Steam, na bado usiione kwa sababu ya mahali ulipo. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. PSN haihudumii Kenya. Wachezaji wenyewe wa PS hapa Nairobi tumezoea, mtu yuko Kayole, akaunti yake inasema anaishi London. Basi gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, ikiwemo yetu. Kelele zikapigwa, Sony wakafuta sharti ndani ya siku chache, lakini kizuizi cha nchi kikabaki, na Ghost of Tsushima ikaja mwezi huohuo ikiwa tayari imefungwa kwetu. Mwaka 2025 wamelegeza kwa gemu kadhaa. Hapo sasa hata ukiwa na akaunti kumi za maduka kumi, haikusaidii.

Kuhusu akaunti ya pili, fungua. Ni bure. Weka uthibitisho wa hatua mbili, na barua pepe iwe ile ambayo hutaipoteza, maana nimeona vijana wakipoteza maktaba nzima kwa sababu barua pepe ilikuwa ya shule waliyomaliza. Malipo, kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa inatosha. Weka shilingi mia kadhaa juu ya bei unayoiona, kiwango cha kubadilisha dola si kile cha kwenye habari. Alan Wake 2 ilitoka kwa dola 50, ukipiga kwa 130 ni 6,500, lakini punguzo lake huja mara kwa mara. Usinunue kwa bei kamili.

Halafu kuna kitu hukutaja, na ningekiuliza kabla ya duka: kadi yako ya michoro ni ipi? Hiyo gemu ilipotoka ilitaka kuanzia RTX 2060, mwaka 2024 wakashusha hadi GTX 1070, pamoja na RAM ya GB 16 na GB 90 kwenye SSD. Umesema kompyuta umeiunga kutoka Luthuli na Moi Avenue kwa vipande vya mtumba. Kama ndani kuna GTX 1060, kama ilivyo kwa mashine nne kati ya sita zangu, basi shida yako haijawahi kuwa Steam. Tuma picha ya kadi nikuangalizie. Na ukishainunua, ijaribu mapema: gemu zinazorejesheka Epic wanarudisha pesa ndani ya siku 14, mradi hujacheza saa mbili.