Tonton, huko unalipwa kwa kuhesabu nini?

Mtoto wa yaya, ndugu yangu mkubwa, wiki iliyopita uliniandikia kwenye grupu ya familia, mbele ya kila mtu: "Tonton, sema ukweli. Huko Ubelgiji unalipwa kwa kuhesabu nini? Na mimi niliyemaliza Math-Physique, nije ao nibaki Bukavu?" Mama mdogo akaweka picha ya mfuko wa dola na kicheko. Nilinyamaza siku 4 kwa sababu nilikuwa na makaratasi 280 ya mtihani ya kusahihisha, na hiyo tayari ni nusu ya jibu.

Ninalipwa kufundisha. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanajaa ukumbi mzima, wengi wanataka uinjinia, hisabati kwao ni daraja la kuvuka tu. Mitihani inakuja Januari, inarudi Juni, na Agosti wanarudia walioanguka. Katikati yake kuna mikutano, na kuna makala za watu wengine ninazohakiki bure kabisa, hata kahawa hawakununulii. Makala yangu mwenyewe ya mwisho ilikaa miezi 14 kwa wahakiki, ikarudi na mistari miwili: hesabu ni sahihi, ila haivutii vya kutosha. Huku hawakutukani. Wanakukataa kwa adabu, na unashukuru kwa barua.

Utafiti ndio unaniamsha usiku. Ninachotafiti, kwa Kifaransa ulichofundishwa nacho, ni nombres premiers. Mwenzangu mmoja Mtanzania ndiye alinifundisha kwamba kwa Kiswahili cha shule za kwao zinaitwa namba tasa, kwa sababu hazigawanyiki kwa kingine zaidi ya 1 na zenyewe. Nikamwambia bibi yako kwa simu, nikidhani atafurahi kusikia hatimaye jina la kazi yangu kwa lugha yake. Akanyamaza, akauliza: "Ulienda mbali hivyo kusomea utasa?" Sikumwambia kwamba ninachotafuta hasa ni mapacha wao. Namba tasa zinazopishana kwa 2, kama 11 na 13, ao 17 na 19, tunaziita pacha. Angeniombea.

Umemwona akichekecha unga wa muhogo nyuma ya nyumba kule Kadutu. Eratosthenes, Mgiriki wa kale, alichekecha namba: andika kuanzia 2, iache 2 lakini futa kila kinachogawanyika kwa 2, kisha fanya hivyo kwa 3, kwa 5, uendelee. Kinachobaki ni namba tasa. Kazi yangu yote ni chekeche hiyo, imeongezwa matundu ya ajabu. Swali ni jepesi hadi linaudhi: mapacha hao wanaisha mahali fulani, ao hawaishi? Hakuna anayejua. Mwaka 2013 mwanahisabati Yitang Zhang, mzaliwa wa China, alithibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa ambazo pengo lao halifiki 70,000,000. Usicheke ukubwa wa namba hiyo. Kabla yake hakukuwa na mpaka wowote. Mwaka uliofuata wengine, James Maynard akiwa mmoja wao, walikuwa wameshusha pengo hadi 246, na hapo tumekwama. Tunataka 2.

Tumekwama kwa sababu chekeche ina kasoro yake: haiwezi kujua kama ilichobakiza kimeundwa na namba tasa moja ao mbili zilizoshikamana. Mchina mwingine, Chen Jingrun, alichapa mwaka 1973 uthibitisho unaofika mlangoni kabisa: kuna namba tasa zisizo na mwisho ambazo, ukiongeza 2, unapata namba tasa ao zao la namba tasa mbili. Hilo "ao" ndilo linakula miaka yangu.

Wakubwa wa fani wanapenda kusimulia kwamba Zhang, baada ya udaktari wake mwaka 1991, alikosa kazi ya chuo kwa miaka, akawa anashika hesabu za mkahawa wa sandwichi huko Marekani. Wanasimulia kututia moyo. Mimi inanitisha. Ni wangapi walibaki kwenye mkate?

Mimi mwenyewe, baada ya udaktari, nilipewa mkataba wa miaka 2, halafu 2 mingine, halafu 1, nchi tatu tofauti. Kila mara viza mpya, nyumba mpya, mtoto anabadili lugha ya shule. Kazi ya kudumu niliipata nikiwa na miaka 41. Mshahara sasa ni mzuri, sitalia. Lakini kodi inakata fungu kubwa kabla haujanifikia, nyumba inakata lingine, na kinachobaki mnakijua, kwa sababu kinakuja kwenu. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafungwa, hata hicho kidogo mama yako anavuka mto Ruzizi hadi Kamembe, Rwanda, kukichukua. Huo mfuko wa dola wa mama mdogo, auonyeshe uko wapi.

Kuna kitu kimoja cha kwetu huku. Brussels, kwenye jumba la makumbusho la sayansi asilia, umelala mfupa wa Ishango, mdogo, wa kahawia, una kipande cha jiwe jeupe kwenye ncha. Jean de Heinzelin aliupata mwaka 1950 pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Una miaka kama 20,000. Safu moja ya mikwaruzo yake inahesabika 11, 13, 17, 19. Ndiyo, jozi mbili za mapacha wangu. Kila chakula cha jioni kuna mtu ataniambia kwamba mababu zangu walijua namba tasa. Siamini, kwa sababu hakuna kinachoonyesha kwamba waligawanya. Lakini nimekwenda kuutazama mara tatu. Mwana-Kivu mwenzangu, ila yeye hakuombwa viza.

Sasa, kuja ao kubaki. Hisabati haitakushinda. Walimu wangu wa ISP, chuo cha ualimu, walifundisha kwa chaki na miezi bila mshahara, na nilipofika huku nilijua kuandika uthibitisho kuliko wenzangu waliozaliwa na kompyuta. Makala karibu zote za fani yangu ziko bure kwenye arXiv, hazina ya makala mtandaoni, rizo ikikubali utazisoma ukiwa hapo Nyawera, Bukavu. Usichokuwa nacho Nyawera ni mtu wa kusimama mbele ya ubao akwambie "hapana, mstari wa tatu umevunjika". Na nisichokuwa nacho huku, siku ile uthibitisho wa miezi 8 ulipotoboka ukurasa wa 19, ni mtu wa kumwambia kwa lugha hii.

Kabla hujauza chochote kwa ajili ya viza, chukua daftari. Niandikie jozi zote za pacha chini ya 100, kwa mkono, simu weka mbali. Ziko 8. Wengi wanapata 7 kwa sababu hawakubali 5 iingie mara mbili. Halafu unieleze kwa nini 3, 5, 7 ni watatu wanaofuatana kwa 2 ambao hawapatikani tena mbele, hata ukitembea maisha yako yote. Nitumie picha ya ukurasa, pamoja na ulipofuta.